Nipe Mji

Tangu bajeti ifikishwe kwenye baraza la jimbo, Bi Mize na mumewe Faki hawakuikosa redio hata asubuhi moja. Ndani ya bajeti hiyo mlikuwa na fedha za kununulia hospitali ya mji wao mashine ya kusafisha damu, na figo za Faki zilikuwa zimechoka kungoja. Bi Mize alikwisha kumfungia mkoba wa kwenda hospitali, akautundika msumarini: shuka, kikombe, na viatu vyake vya kutokea.

Siku mswada wa bajeti uliposomwa mara ya tatu, Faki alikuwa amepitiwa na usingizi. Mkewe alisikia peke yake: bajeti imepita, ila mashine ile imeondolewa, labda mwakani. Akaizima redio.

"Wamefika wapi, mke wangu?" Faki aliuliza, macho kayafumba.

"Bado wanabishana. Si unawajua."

"Kitendawili."

"Tega."

"Husomwa mara tatu, na kwetu hakifiki."

Bi Mize alilijua jibu. "Nimeshindwa, Faki."

"Basi nipe mji."

"Nakupa huu wetu."

"Huu wa nini? Hauna hata mashine." Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Nipe mwingine, wa mbali."

"Chukua wowote uupendao, bwana wangu."

"Nimeuchukua," alisema polepole. "Ni mzuri. Ila nitakwendaje pekupeku?"

Bi Mize akautungua mkoba, akavitoa vile viatu, akavipangusa kwa upindo wa kanga yake, akaviweka kando ya kitanda, ncha zikielekea mlangoni.