Ufunguo Shingoni

Ilipotangazwa kwamba kaya maskini isiyofanya kazi haitapewa tena ruzuku, Mwanahawa alimfungia mama yake ndani, akauvaa ufunguo shingoni, akaenda kupangiwa kazi.

"Miaka mitatu mmenipa ruzuku nimuuguze mama," alimwambia karani. "Hawezi hata kuinua kijiko. Ile haikuwa kazi?"

"Kukaa nyumbani si kazi, dada. Nenda nyumba ya wazee, kuna bibi wa kulishwa."

Adhuhuri ikamkuta ameinama juu ya bibi wa watu, akipuliza uji na kumlisha kijiko kwa kijiko. Kwake nako kulikuwa na uji. Aliuacha kando ya kitanda cha mama tangu alfajiri, kwa kujidanganya tu.

"Una mkono mwema," bibi alisema. "Mwanangu naye alikuwa hivyohivyo. Mbona siku hizi haji kunitazama?"

Mwanahawa alimfuta kidevu.

"Yuko kazini, mama."

Bibi akafumbua kinywa tena. Mwanahawa alipoinama kuchota, ufunguo ulichomoka kifuani, ukagonga ukingo wa bakuli.