Visheti vya Siwema

Tangu taka zianze kusema pale chuoni, ukaguzi wa mapipa uligeuka kazi ya wenye roho ngumu. Kila kilichookotwa kilirudia maneno ya mwisho aliyoyasema aliyekitupa kabla ya kukitupa, kwa sauti yake mwenyewe, ili asiyetenganisha taka ajulikane.

Siwema, kiongozi wa wanafunzi wakaguzi, alimwaga pipa la bweni la wanaume juu ya turubai. Kopo la bia likanguruma, "Jamani, mimi nimeokoka!" Wenzake wakavunjika mbavu.

Kisha akaokota mfuko wa visheti alivyompikia mchumba wake, Kihwelo. Hakikuguswa hata kimoja.

"Vilikuwa vitamu mno, mpenzi," visheti vikasema kwa sauti ya Kihwelo, kama mtu anayekariri risala. "Vitamu mno, mpenzi."

Kicheko kikakatika.

"Dada Siwema," mkaguzi mwenzake Nuhu akauliza kwa upole, "hivi tuviweke kwenye mboji?"

"Weka. Angalau minyoo itakula."

Jioni Kihwelo akaja, akayasema maneno yale yale, bila kukosea hata moja. Siwema akamshukuru. Alipoondoka, Siwema akavua pete ya uchumba, akasimama mbele ya pipa, akitafuta la kusema.