Vidole Visivyo na Mwenyewe

Katika mji ule, mtoto akitimiza arobaini, ndugu wa baba humgawana. Basi huyu naye alilazwa mkekani, moshi wa udi ukimzunguka kama wingu lililopotea njia, na kila mtu akagusa kilicho chake.

"Pua hii ya kwetu," alisema shangazi.

"Na masikio ni ya marehemu babu."

Zamzam, mama wa mtoto, aliwasikia kama mtu aliye usingizini. Walipofika miguuni, hakuna aliyegusa. Vidole viwili vya kila mguu vilikuwa vimeungana kwa ngozi nyembamba. Na kiungo kikikosa mwenyewe, mama hurudishwa kwao.

"Hivi vya nani?" aliuliza mkwewe, Bi Shemsa, bila kumtazama.

Mlangoni ikasikika hodi. Alikuwa bibi kizee, mpita njia kutoka ng'ambo ya milima, akiomba maji. Alipovua viatu ili aingie, Zamzam aliona miguuni mwake vidole vilivyoungana vivyo hivyo.

"Alaa! Hivyo vya kwetu," mgeni alicheka alipomwona mtoto. "Kwetu kila nyumba inavyo. Njaa ile ya zamani ilitutawanya, wengine wakateremka navyo huku."

Zamzam akamgeukia mkwewe. Tangu aolewe, hajawahi kumwona bila soksi, hata jua likiwaka vipi.

"Mama," aliita taratibu.

Bi Shemsa alivuta miguu ndani ya kanga. Mtoto akarusha teke, akacheka na moshi. Mkono wa Bi Shemsa ukashuka polepole hadi kwenye ukingo wa soksi, ukatulia hapo.