Mkono Uliong'atwa na Panya

Hekaya hii ukiisikia kwa mwingine, jua kaniibia mimi.

Nyani alifuga panya wawili wa nyika. Kila akiwapa karanga, walimng'ata vidole.

Jirani yake Paka, aliyekuja kumpa mkono kila asubuhi, akasema, "Wakaidi hao, kaka. Niachie mlango wazi niwafunze adabu."

Mlango wazi? Nyani akaguna. Siku hiyo akawapa karanga kwa mkono wa kushoto. Panya wakala, wakapanda kiganjani, wakasinzia. Aliponyoosha wa kulia, wakang'ata.

Akaunusa. Ulinuka Paka.

Asubuhi Paka akaja, mkono mbele. "Vipi kaka, wamefugika?"

Nyani akaficha mikono mgongoni. "Hao wamefugika zamani, jirani. Bado wewe."