Kopo la Kahawa

"Fumba macho," daktari alisema, akafungua kopo la kahawa na kulisogeza chini ya pua ya Tunu. "Unasikia harufu gani?"

"Sisikii kitu."

Tunu alikuwa na miaka kumi na sita, na hedhi haijamjia. Nyumbani walisema ameambukizwa mkosi na shangazi yake Zaina, aliyeachwa mara mbili bila mtoto, na ambaye ndiye aliyemleta hospitali.

"Si mkosi," daktari alisema. "Na vipimo vya damu vimeonyesha. Ubongo hautoi amri ya mwili kukua, na harufu nazo hauzitambui. Ni ugonjwa wa kurithi. Akianza homoni sasa, atakua kama wenzake."

Zaina alilitazama kopo. Kila sikukuu nyumbani walimcheka: wali unaungua naye kakaa palepale, hana habari.

"Nami nipime."

"Mama, umri wako..."

"Sikuja kutafuta mtoto, daktari. Nataka nikirudi niwatajie jina la ugonjwa huu, mmoja mmoja."

Tunu akachukua kopo mezani.

"Fumba macho, shangazi."

Zaina akafumba, akainua uso, akavuta pumzi ndefu.