Mteja Haachwi Mezani

Tangu chakula cha mchana, hakuna hata mmoja pale mezani aliyekwenda msalani.

Mjane aliliona hilo, na lilimtesa, maana naye alikuwa amebanwa. Hata huo ujane ulikuwa wa kuazima, kama hereni zake na gauni jeusi. Mumewe alikuwa mzima wa afya, yuko mtaani anahangaikia kibarua. Kasino ilikuwa imemwajiri akae kwenye meza ya poka, acheze kwa vipande vya plastiki vya kasino badala ya hela yake, acheke, ajifanye tajiri. Meza tupu hufukuza watu, meza yenye watu huita watu.

"Mdororo huu wa uchumi umetuachia matajiri watatu tu," Meneja alimwambia siku aliyomwajiri, "na wote watakuwa mezani kwako. Mteja akiwa amekaa, wewe huinuki. Ukiinuka, umeacha kazi."

Kweli walikuwa watatu. Ukumbi uliobaki ulikuwa kama msiba uliokosa waombolezaji: meza zimefunikwa mashuka, mashine za bahati zimezimwa kuokoa umeme, taa zinawaka juu ya meza moja.

"Mimi huo mdororo nausikia redioni tu," alisema Mkandarasi, akichezesha ufunguo wa gari.

"Kumbe redio unasikiliza mwenyewe?" Bibi Mashamba akamdakia. "Nilidhani watu wa maghorofa mna wa kuwasikilizia."

Daktari wa Meno alicheka mpaka tai ikapinda, kisha akaagiza maji. Wote waliagiza maji. Maji yalikuwa ya bure.

Mgawa karata, baba wa makamo mwenye vidole vizito, alianza kugawa. Karata moja ikamponyoka, ikaangukia chini ya meza.

"Samahani wakubwa."

"Taratibu, baba," Mkandarasi akamtania. "Hizo karata si kuku wa kukimbizana nao."

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kutia aibu. Mkandarasi aliweka kipande kimoja, akakitazama kama mtoto anayekwenda bweni. Daktari akatupa karata zake, akajitoa. Bibi Mashamba naye akatupa.

"Leo mikono mizito, wakubwa," Mjane akachokoza, kama alivyofundishwa.

"Haraka ya nini? Hela haiozi," akajibu Bibi Mashamba.

Ndivyo matajiri walivyo, Mjane aliwaza. Ndiyo maana ni matajiri.

Simu ikatetemeka mapajani mwake. Ilikuwa jirani aliyemwachia mtoto: *Homa haishuki. Anakuita.*

Asubuhi alimwacha akiwa na joto kidogo, akajidanganya kwamba ni meno yanaota. Sasa akiinuka, kazi imekwenda, na nyumbani kwao mshahara ulikuwa wake peke yake. Dawa ilikuwa moja tu: matajiri wainuke kwanza.

"Daktari," akaanza kwa sauti tamu, "wagonjwa hawakungoji?"

"Jino lililooza halina haraka, mama."

"Na wewe Mkandarasi, jengo lako je?"

"Jengo haliondoki. Aondoke Daktari kwanza. Mimi siwezi kuinuka yeye amekaa, ni adabu."

"Hata mimi nakuheshimu wewe," Daktari akasema haraka.

"Bibi Mashamba, ng'ombe nao?"

"Ng'ombe wana watu wao. Kwani unatufukuza, mwenzangu?"

Simu ikatetemeka tena. *Ametapika. Nampeleka zahanati. Njoo.*

Mjane akainuka. Kiti kilipiga kelele sakafuni, na wote wakamtazama kama aliyevua nguo.

"Nisameheni," alisema. "Mimi si mjane, wala sina hela. Nalipwa kukaa hapa niwachangamshe ninyi. Mwanangu anaumwa. Meneja akiuliza, mwambieni nimekwenda msalani."

"Unalipwa?" Mkandarasi akauliza polepole. "Kumbe na wewe?"

"Na wewe?" Daktari akamgeukia Mkandarasi.

Bibi Mashamba akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu! Wiki nzima nimebana mkojo kwa kuwaheshimu ninyi, kumbe wote vibarua wenzangu!"

Mkandarasi alitaka kucheka, kicheko kikamkatikia njiani. Viatu vya Meneja vilikuwa vinalia sakafuni, vinakuja.

"Wewe!" Meneja alimnyooshea Mjane kidole. "Nilikwambia nini? Unainuka mteja akiwa mezani?"

"Mwanangu yuko zahanati, bosi. Nipe ruhusa ya leo tu."

"Ruhusa ya mteja kwanza, mimi baadaye. Usipokaa sasa hivi, hizo hereni vua uziache hapo."

Mjane akaanza kuvua hereni. Ndoano ikagoma kutoka sikioni.

"Mteja yupi, bosi?" Bibi Mashamba akauliza, na safari hii hakuwa na utani. "Sisi wote hapa umetuajiri wewe. Tuonyeshe huyo mteja tumpigie magoti."

Macho ya Meneja yakapita juu ya vichwa vyao, yakatua upande wa pili wa meza, yakainama.

Mgawa karata akakohoa kidogo.

"Mteja ni mimi," alisema. "Nimelipa ada ya muhula mzima, kasino hii inifundishe kugawa karata. Dada, nenda kwa mwanao, nimekuruhusu. Ninyi wengine kaeni. Bado sijajua kuchanganya."