Maoni Ukurasa wa Mwisho

Kwa Bi Tabu, mkodisha vitabu, kila anayerudisha kitabu huandika maoni yake ukurasa wa mwisho, kwa penseli iliyofungwa uzi kwenye mguu wa meza.

Salha alirudisha kitabu cha kumi na tisa katika mfululizo wa mpelelezi anayewinda magaidi. Akasoma ya wenzake. "Kazeeka, bado anaruka kuta." "Mwandishi, muue tupumzike."

"Na wewe, Mama Rukia," Bi Tabu alimwuliza Salha, "umemchoka?"

Mumewe Salha alipelekwa kazi hiyohiyo ya kuwinda magaidi, na huu ni mwezi wa saba hajaleta salamu. Akaandika polepole: "Mrudishe kwake, hata akiwa mzee."

Cha ishirini alikwisha kuwekewa mezani. Alikitazama, akaogopa mwisho wake, akakiacha. Penseli ilibaki ikining'inia, ikizunguka kwenye uzi.